Mtoto akiomba pesa ya upinde



Juma hili najibu swali la mama mmoja aliyenisimamisha tukitoka kwenye likelemba. Mtoto wake wa mwaka wa saba alimuomba dola 5. Hazikuwa za kaye wala za viatu. Zilikuwa za kununua upinde. Mama akafikiri kijana anataka kwenda kuwinda ndege kando ya Nyamukau. Kumbe upinde huo hauna mti wala kamba: uko ndani ya telefoni, katika mchezo ambamo mtoto ni mpiga mishale na anacheza pamoja na watu wa nchi nyingine. Mama akaniuliza: "Mwalimu, nimpe, nimchape, ao nimnyang'anye telefoni?"

Mama, usimpe pesa kwanza. Usimchape. Telefoni uichukue kwa dakika kumi tu, ukae naye kwenye mkeka, umuulize maswali matatu. Nitayaandika hapa chini. Lakini ili uyaulize vizuri, lazima ujue kidogo mambo ya upinde. Mtoto akiona mama yake anajua, anasikiliza. Akiona mama anapiga kelele juu ya kitu asichokijua, anajificha na telefoni chini ya blanketi.

Mchezo wenyewe unavyokwenda

Katika michezo ya namna hii, mtoto anachagua mtu atakayemuongoza: mwenye upanga, mwenye dawa, ao mpiga mishale. Mtu huyo anaanza akiwa dhaifu. Kila kazi anayofanya inamuongezea nguvu, na nguvu hiyo inahesabiwa kwa ngazi, sawa na vile sisi tunavyopandisha watoto madarasa.

Michezo ni mingi na kila mmoja una sheria zake. Nachukua mmoja mkongwe ambao sheria zake ziko wazi: RuneScape, wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ulianza mwaka 2001. Ule wa mtindo wa zamani, unaoitwa Old School RuneScape, ulifunguliwa mwaka 2013, na tangu Oktoba 2018 unachezwa pia kwenye telefoni. Mtu anaweza kuanza bila kulipa kitu isipokuwa mega zake. Anayetaka kufunguliwa mchezo wote analipa ada.

Humo ndani pinde za kawaida zinatofautiana kwa mambo mawili: mti na urefu. Upinde wa mti wa hivi hivi unashikwa tangu ngazi ya 1. Wa mwaloni, ngazi ya 5. Kisha kuna miti mingine mitatu ya nchi za baridi, ngazi ya 20, ya 30 na ya 40. Wa sita unaitwa wa mti wa uchawi, ngazi ya 50. Wamama, jina hilo lisiwashtue. Ni mti wa kubuni, kama miti inayosema katika hadithi tulizosimuliwa na wanyanya zetu.

Shikeni neno hili: asiyefika ngazi hapewi. Anaweza kuupata upinde wa ngazi ya 40, akauweka mfukoni, akautazama usiku na mchana. Kama yeye ni wa ngazi ya 12, mkono wake hauwezi kuushika. Hata ukiuza mbuzi wa nyumbani, ngazi haipandi. Inapanda kwa kupiga mishale mingi na upinde mdogo.

Urefu nao una hesabu yake. Kwa mtindo wa kawaida, upinde mfupi unatoa mshale mmoja kila sekunde 2.4, na unafika mbali ya vyumba 7 vya uwanja. Upinde mrefu unatoa mshale kila sekunde 3.6, lakini unafika vyumba 10. Sasa tufanye hesabu kama darasani. Katika sekunde 36, mfupi umetoa mishale mingapi? Kumi na mitano. Mrefu je? Kumi. Basi mfupi ni bora? Ngoja. Adui akiwa karibu nawe na unaweza kumvumilia, ndiyo, mfupi unashinda. Lakini kama kuna mto ao ukuta kati yenu, ama adui ni mkali kuliko wewe, ule mrefu unamfikia akiwa bado hajaweza kukugusa. Hakuna upinde bora peke yake. Kuna upinde unaofaa mahali fulani, kwa mtu fulani.

Na hapa ndipo watoto wengi wanapojidanganya. Katika mchezo huu, upinde unasaidia kulenga. Uzito wa pigo unatoka kwa mshale, pamoja na ngazi ya mwenye kupiga. Mshale wa shaba nyeusi una nguvu 7, wa chuma 10, wa chuma cha pua 16. Tena upinde wa kwanza unakubali mishale hadi ya chuma tu. Ule wa mwaloni unafika hadi chuma cha pua. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza mali yake yote kwa upinde mzuri, akabaki na mishale ya shaba nyeusi, ni sawa na mama aliyenunua sufuria kubwa ya kung'aa na hana unga wa kutia ndani.

Pori letu lilijua mapema

Watoto wanafikiri hekima hiyo ilitoka Uingereza. Iko hapa kwetu, katika Ituri, kwa barabara ya kwenda Mambasa.

Katika pori kubwa la Ituri wanaishi Wambuti, na kati yao wamo Waefe, wanaojulikana kwa kuwinda na upinde. Upinde wao ni mfupi. Mtu asiyejua anaweza kuucheka. Lakini ingia nao ndani ya pori lenyewe, kwenye miti iliyosongamana na kamba za msitu, mahali ambapo macho hayafiki mbali. Upinde mrefu utakwama kwenye matawi kabla hujauvuta. Ule mfupi unapita, unainuka haraka, na mnyama yuko hatua chache tu.

Na siri yao ni ileile ya mishale. Kwa nyani walio juu ya miti, Waefe wanatumia mishale myembamba ya mti iliyopakwa sumu ya mimea; upinde hauna haja ya kuwa na nguvu kubwa, sumu ndiyo inafanya kazi. Kwa mboloko na wanyama wengine wa chini, wanatumia mishale yenye ncha ya chuma. Chuma hicho tangu zamani walikipata kwa jirani zao wakulima, Walese, kwa kubadilishana na nyama na kazi ya shamba. Kila mnyama na mshale wake.

Wambuti wengine, hasa wale walio jirani na Wabila, wanawinda zaidi na nyavu. Huko wanawake wanaingia katika kuwinda kwenyewe: wanapiga kelele, wanafukuza wanyama kuelekea nyavu zilizotegwa. Nawaambia hili wamama ili mjue kwamba kuwinda hakukuwa mambo ya wanaume peke yao, na binti akiuliza habari za upinde asiambiwe "hiyo si yako".

Sasa tuvuke hadi Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Wao wanaishi mahali pa wazi, penye majani na miti iliyoachana, na wanyama wanaonekana kwa mbali. Upinde wao ni mrefu na mzito wa kuvuta. Mtu wa Mambasa angeuona ni mzigo. Mtu wa Eyasi angeona wa Mambasa ni mchezo wa watoto. Wote wawili wana haki, kila mmoja kwao.

Tena Wahadzabe wanampa mtoto mwanaume upinde wake mdogo angali mdogo sana. Anapiga vitu vya karibu, anapiga ndege, anakosa, anapiga tena. Akikua, anabadilishiwa mkubwa zaidi, kisha mkubwa zaidi, hadi mkono wake uweze ule wa mtu mzima. Hakuna baba anayemtwika mtoto wa miaka mitano upinde wake mwenyewe. Mnaona? Ngazi za mchezo wa telefoni ni hizohizo.

(Neno moja kwa njia: leo sehemu ya pori hilo ni hifadhi ya okapi, iliyowekwa mwaka 1992, makao yake Epulu. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia, na mwaka 1997 ikaitia kati ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita na uharibifu. Okapi hauwindwi kwa upinde wala kwa kitu kingine. Watoto wajue na hilo.)

Dola 5 zinakwenda wapi

Turudi kwa pesa. Michezo mingi ni ya bure mlangoni, na kampuni lazima ipate faida mahali fulani. Kuna njia tatu ambazo mama anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni ada: unalipa, unafunguliwa sehemu nyingine za mchezo. Hiyo angalau inaonekana, unajua umenunua nini.

Ya pili ni kuuza urembo na silaha. Kuna michezo ambayo mwenye pesa anaruka ngazi. Humo mtoto wa maskini atapigwa siku zote na mtoto wa tajiri, hata kama anajua kucheza, na atarudi kwako kila juma kuomba. Mchezo wa namna hiyo unamfundisha kwamba jasho ni la wajinga. Mimi kama mwalimu nauogopa huo kuliko ule wenye damu ya rangi nyekundu.

Ya tatu ni sanduku la bahati. Mtoto halipi upinde. Analipa kufungua sanduku ambalo labda lina upinde, labda lina kofia. Asipoupata, analipa tena. Wamama, tunajua jina la hilo: ni kamari. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilisema vivyo hivyo juu ya masanduku ya namna hiyo katika michezo kadhaa, kwamba yanavunja sheria yao ya kamari. Kama mtoto wako anakuambia "mama, safari hii hakika nitaupata", simama hapo.

Pesa hizi zinatoka kidogo kidogo: mega za leo, mega za kesho, dola moja, dola mbili. Bandu bandu huisha gogo. Mama anayeuza samaki wa Tchomia ao makala kwenye njia anajua faida ya siku ni kiasi gani. Basi weka mlango. Namba ya siri ya pesa zako za telefoni asiijue mtoto, hata yule anayekusaidia kutuma. Na kwa telefoni za Android, ndani ya Play Store kuna mahali pa kuagiza kwamba kila kununua kuombe neno la siri. Mwombe mtu unayemwamini akuonyeshe, na neno hilo liwe lako.

Sisi tulioona mishale ya kweli

Sasa neno ambalo nisingeliandika kama tungekuwa mji mwingine. Mama mmoja ataniambia: "Mwalimu, unafundisha watoto habari za mishale, na sisi tuliokuwa Bunia mwaka 2003 tunakumbuka." Ni kweli. Mji huu ulijua panga, mishale na bunduki. Kuna nyumba ambamo jina la upinde halitajwi. Na leo bado kuna familia zinazoishi katika makambi ya waliokimbia, kama pale Kigonze, ambazo kidonda chao hakijafunga.

Kwa hiyo simwambii mama huyo aone mchezo huu ni kitu cha kucheka. Kama nyumbani kwako unaumiza, una haki ya kusema: hapa kwangu, hapana. Mweleze mtoto kwa nini, kwa maneno yanayolingana na umri wake. Mtoto aliyezaliwa baadaye hajui kwa nini mama anatetemeka. Anaona tu mama mkali. Ukimweleza, ataelewa, na utakuwa umempa habari ya familia ambayo alikuwa anaitafuta.

Na kwa wale wanaoruhusu, angalieni mtoto anapiga nini. Kupiga mnyama wa kubuni ni jambo moja. Mtoto akianza kuwapa adui zake wa mchezo majina ya kabila la jirani, ao majina ya wanafunzi wenzake, funga telefoni siku hiyo na muzungumze. Hapo si mchezo tena. Tulishaona maneno yanavyotangulia mishale.

Tena mchezo ni wa watu wengi. Anayejiita "rafiki mpiga mishale" anaweza kuwa mtu mzima wa mbali mwenye nia mbaya. Sheria ya nyumbani iwe fupi: usitume picha, usiseme jina lako la kweli, usiseme unaishi kartie gani wala unasoma wapi, usipokee zawadi ya mtu usiyemjua. Anayetoa upinde wa bure kwa mtoto wa watu anataka kitu.

Maswali matatu

Chukua maharagwe, mama, na mkeka. Huna haja ya kujua kusoma.

Swali la kwanza: "Umefika ngazi gani, na upinde huo unaomba ngazi gani?" Kama hajafika, mazungumzo ya pesa yamekwisha. Mwambie apande kwanza. Mara nyingi akifika ngazi hiyo, atakuwa amekusanya pesa za ndani ya mchezo za kuununua bila dola yako hata moja.

Swali la pili: "Utapigana na nani, na atakuwa mbali kiasi gani?" Panga maharagwe 10 kwa mstari. Mwambie akuonyeshe upinde mfupi unafika wapi na mrefu unafika wapi. Kisha akufanyie hesabu: kwa sekunde 36 mishale mingapi huku, mingapi kule? Mchezo wake ukiwa na namba nyingine, akutafutie hizo. Mtoto anayesema hajui kugawanya darasani atagawanya hapa bila kulia. Mimi nimewaona wanafunzi wangu wakigawanya namba zenye nukta kwa ajili ya upinde, wakati kwa ajili ya mitihani walilala. Mama, tumia mlango huo ulio wazi. Kesho yake umpe hesabu ya mfuko wa makala: tukiugawa kwa vikopo, kila kikopo bei gani, faida ngapi? Ni hesabu ileile.

Swali la tatu: "Mishale unayo?" Kwa mchezo, maana yake ni: usimalize mali yote kwa kitu kimoja kizuri ukasahau kile kinachofanya kazi kila siku. Kwa maisha, muulize zaidi. Kaye ni mshale. Kulala mapema ni mshale. Kurudia somo jioni ni mshale. Telefoni nzuri ni upinde tu.

Mtoto akijibu yote matatu vizuri, na ada za masomo zimelipwa, na bado anataka kitu kidogo kwa pesa ambayo yeye mwenyewe alipata kwa kazi ya likizo, hiyo ni shauri ya nyumba yako. Sikatazi. Lakini mkono wa mama usiende mfukoni kabla ya maswali.

Mpange na saa. Baada ya kazi za nyumbani na masomo, si kabla. Na telefoni ilale chumbani kwa mama. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeandika tabia ya kushindwa kuacha michezo katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi tena kujipimia, mchezo unatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata akiona unamharibia. Kwa kawaida wanatazama hali iliyodumu miezi 12 ao zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyecheza sana likizo moja si mgonjwa. Lakini akiacha kula, akiacha marafiki, akianza kuiba mega, usingoje mwaka uishe. Njoo tuzungumze masomoni, ao umpeleke kwa muuguzi unayemwamini.

Yule mama wa likelemba aliuliza maswali yake. Kijana alikuwa wa ngazi ya 9, na upinde aliotaka uliomba 30. Dola 5 zilibaki kwenye kitambaa. Mkutano ujao, wale wenye kikundi cha akiba waje na watoto wao wa mwaka wa sita na wa saba, wavulana na wasichana. Tutaleta maharagwe na tutafanya hesabu pamoja.